Kulwa na Doto: pale mistari miwili ya uzito ilipopishana

Mama Kulwa aliweka daftari mezani kabla hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani. Lilikuwa daftari la shule, jalada limeanza kuchanika, na ndani yake vipimo vya watoto wake wawili: tarehe, urefu, uzito. "Daktari," akasema, "hawa wamelala tumbo moja, wanakula sufuria moja. Niambie kwa nini mmoja anakonda na mwenzake anafura."

Mimi si daktari, ni afisa lishe, ila nimeshachoka kubishana. Dar es Salaam ukikaa nyuma ya meza yenye mizani pembeni, wewe ni daktari. Swali lake lilinikaa kichwani zaidi ya mwaka, na ninaliandika hapa kwa ruhusa yake, bila jina la mtu wala la shule. Watoto nitawaita Kulwa na Doto, majina wanayoitwa mapacha wengi wa nchi hii hata kama cheti cha kuzaliwa kinasema vingine. Kulwa ni wa kiume, alitangulia. Doto ni wa kike. Walizaliwa Machi 2011.

Vipimo vya miaka ya mwanzo alivichukua mwalimu wao wa michezo wa shule ya msingi, kila Machi, kwa mizani ya kawaida na utepe wa fundi cherehani aliougundisha ukutani. Mwalimu huyo alikuwa na moyo. Watoto wetu wakifikisha miaka mitano na kumaliza kliniki, mara nyingi hakuna tena anayewapima mpaka siku wanapougua. Kadi inawekwa kabatini pamoja na hati za kiwanja, basi. Na hata kadi yenyewe tulifundishwa kuisoma kwa jicho moja. Mama zetu walijua kijani, kijivu na nyekundu, na hofu yote ilikuwa chini, mtoto asishuke. Juu hakuna aliyetazama. Siwalaumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 bado walikuwa asilimia 30, huku wenye uzito uliozidi wakiwa asilimia 4 hivi. Nchi iliyozoea kuhangaikia mtoto mwembamba haigeuzi shingo kwa siku moja.

Daftari lilisema hivi. Machi 2018, wakiwa na miaka 7: Kulwa sentimita 123 na kilo 29, Doto sentimita 122 na kilo 25. Machi 2021, miaka 10: Kulwa sentimita 139 na kilo 42, Doto sentimita 140 na kilo 42 na nusu. Vya Machi 2024, wakiwa wameingia kidato cha kwanza, nilivichukua mwenyewe: Kulwa sentimita 158 na kilo 53, Doto sentimita 156 na kilo 65.

Mama alikuwa ameona kitu kimoja tu, kwamba binti amempita kaka yake kwa kilo 12. Mimi nilichoona kwanza ni kwamba mwaka 2018 mambo yalikuwa kinyume, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Kilo peke yake hazisemi kitu kwa mtoto anayerefuka, kwa hiyo tunatumia BMI: unachukua kilo, unazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima mipaka ni mepesi kukariri. Ukifika 25 una uzito uliozidi, ukifika 30 una kile ambacho vitabu vyetu vya lishe vinakiita kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Kwa mtoto mpaka unahama kila mwezi anapokua, na unahama kwa njia tofauti kwa mvulana na kwa msichana. Chati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2007, ya umri wa miaka 5 hadi 19, ina mstari wa wastani katikati, na juu yake mistari miwili: ukivuka wa kwanza ni uzito uliozidi, ukivuka wa pili ni kiribatumbo.

Mwaka 2018 Kulwa alikuwa na BMI ya 19.2. Mstari wa pili wa mvulana wa miaka 7 uko 19.0, kwa hiyo alikuwa ameshauvuka. Doto alikuwa na 16.8, chini hata ya mstari wake wa kwanza, 17.3. Mwaka 2024 Kulwa yuko 21.2, juu kidogo ya mstari wa kwanza wa umri wake, 20.8, Doto yuko 26.7, na mstari wake wa pili ni 26.2. Wamepishana. Na katikati, mwaka 2021, walikutana: wote wawili 21.7.

Hapo pa kukutana ndipo pananifurahisha kama mtu wa fani, maana ndipo chati inapojifichua. Watoto wawili wa tumbo moja, umri mmoja, BMI moja. Mpaka wa kiribatumbo kwa mvulana wa miaka 10 ni 21.4. Kwa msichana ni 22.6. Kwa hiyo Machi 2021 Kulwa alikuwa na kiribatumbo na Doto hakuwa nacho, ingawa tofauti yao ilikuwa nusu kilo, na nusu kilo hiyo ilikuwa upande wa Doto.

Mama aliponyamaza nikajua nimemchanganya. Nikamwambia ukweli: mistari hiyo haikutoka mbinguni. WHO waliijenga kutokana na vipimo vya watoto wa Marekani vilivyokuwa vikitumika tangu 1977, wakaiunganisha na viwango vya watoto wadogo vya mwaka 2006. Katika vipimo vile wasichana walitawanyika zaidi kuelekea juu, na mstari wao ukaenda juu nao. Liko pia jedwali jingine, la jopo la kimataifa linaloitwa IOTF, lililotolewa mwaka 2000 kwa vipimo vya watoto wa Brazil, Uingereza, Hong Kong, Uholanzi, Singapore na Marekani. Wao walianzia mwisho: walichukua 25 na 30 za mtu wa miaka 18 wakazirudisha nyuma kufuata ukuaji. Kwa jedwali hilo, mpaka wa kiribatumbo ukiwa na miaka 10 ni 24.0 kwa mvulana na 24.1 kwa msichana. Pengo la jinsia karibu limefutika, na mapacha wetu wote wawili wana uzito uliozidi tu.

Nikapitisha daftari lote kwenye jedwali hilo la pili. Mwaka 2018 Kulwa anashuka kutoka kiribatumbo hadi uzito uliozidi. Mwaka 2024 Doto naye anashuka vilevile, kwa kuwa mpaka wake wa miaka 13 kule ni 27.8, na Kulwa anahesabika kuwa sawa kabisa. Majina yote yamebadilika. Kitu kimoja hakikubadilika: kaka alianza juu, wakakutana, dada akapita. Kupishana kupo kwa rula yoyote utakayoshika, na tangu hapo niliacha kushughulika na majina nikafuata kupishana.

Ni vizuri msomaji akumbuke mchezo huu wa rula anaposoma takwimu za dunia, maana duniani wimbo ni kwamba wavulana wanaongoza. Mtandao wa watafiti wa NCD-RisC ulikusanya vipimo vya karibu nchi zote. Mwaka 1975 walio na kiribatumbo kati ya miaka 5 na 19 walikuwa asilimia 0.7 ya wasichana na 0.9 ya wavulana. Mwaka 2016 walikuwa 5.6 na 7.8. Hesabu yao mpya ya mwaka 2022 ikatoa 6.9 kwa 9.3, ambao ni wasichana milioni 65 na wavulana milioni 94. Pengo lililokuwa halionekani sasa limepita pointi mbili. Sehemu ya pengo hilo, naamini, ni ule mstari wa msichana uliosimama juu zaidi. Sehemu tu, kwa sababu mstari haukuhama miaka yote hiyo na pengo limeendelea kutanuka. Halafu, ukitaka maoni yangu, pengo lenyewe ni dogo likisimama karibu na mwinuko. Wasichana wameongezeka karibu mara nane kati ya 1975 na 2016. Kumtangaza mvulana kuwa mshindi hapo ni sawa na kubishana nani amelowa zaidi wakati wote wawili wako Jangwani siku ya mafuriko.

Wastani wa dunia pia unaficha kwamba nchi hazifanani. Nchini China wavulana wako juu sana ya wasichana. Afrika Kusini ni kinyume, wasichana ndio wazito. Uingereza, ambako tangu 2006 watoto wa shule hupimwa wakiingia na miaka 4 au 5 na tena wakiwa na miaka 10 au 11, wanaoingia karibu wanalingana, kisha kufikia ule umri wa pili karibu robo ya wavulana wana kiribatumbo dhidi ya moja ya tano ya wasichana. Yaani kule ni mvulana anayechomoka katika miaka ya shule ya msingi. Kwa Doto wetu ni msichana aliyechomoka, na amechomoka baadaye kidogo. Mwili wa mvulana wa London na wa Kinyerezi, wanakoishi mapacha hawa, ni ule ule. Kinachotofautiana ni siku yake inavyopita.

Basi nikaacha kuuliza wanakula nini, nikauliza siku inavyopita. Mama alikuja tena, safari hii na bibi yao mzaa baba, na maongezi yakaenda mpaka adhana ya alasiri.

Mwaka 2018 walikuwa wanaishi Mwananyamala, nyumba ya kupanga, familia tano ua mmoja. Doto alikuwa mtoto wa rede. Asiyeijua rede hakukulia Dar: wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anakwepa, na akikwepa vizuri anaweza kukaa katikati mpaka giza linaingia. Wasichana wa ua ule walikuwa saba. Kulwa alikuwa mvulana pekee wa rika lake pale, na rede alikuwa haalikwi, kwa hiyo alikaa ndani na bibi akiangalia katuni. Bibi anamwita "mume wangu", kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wa kiume, na mume hulishwa. Paja la kuku lilikuwa lake. Ukoko wa wali wa nazi ulikuwa wake. Kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai kilikuwa chake. Nilipomwonyesha bibi namba za mwaka ule alicheka sana. "Si alikuwa dume la nguvu? Watu walikuwa wanamsifia barabarani."

Na ni kweli walimsifia. Kwetu mtoto mnene "ana afya", ndivyo tunavyosema, na ukimwambia mzazi mwanao amekonda umemtukana. Heshima ya unene ni ya zamani, lakini nadhani miaka ya UKIMWI iliikaza. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo kwa zaidi ya miaka ishirini kukonda kulikuwa na maana moja tu mtaani. Bibi huyu alizika watoto wawili katika miaka hiyo. Alinitajia mwenyewe, bila kuulizwa, tulipokuwa tunazungumzia ukoko. Sikuendelea na somo la sukari siku hiyo.

Mwaka 2019 baba yao akamaliza nyumba Kinyerezi. Ukuta, geti, na majirani ambao hamjuani majina. Jiji lote linakwenda hivyo: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.4 Dar, ya 2022 ikahesabu milioni 5.4, na wengi wa walioongezeka wanatafuta kiwanja pembezoni. Shule ilikuwa mbali, gari la shule linapita saa kumi na moja alfajiri, linawarudisha saa kumi na moja jioni. Wote wawili. Wanashuka getini, wanaingia, geti linafungwa. Ua wa rede haupo. Wote kwenye kochi, wote kwenye simu ya dada wa kazi, wote na elfu moja moja ya kununua chipsi, ubuyu na juisi ya boksi mapumziko. Miaka miwili ya namna hiyo ndiyo iliyozaa ile Machi 2021 ya 21.7 kwa 21.7. Hata ule mwaka wa corona, shule zilipofungwa kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni 2020, walikaa ndani pamoja. Walipoishi maisha ya aina moja, BMI yao ikawa moja.

Kisha yakatokea mambo mawili. Katikati ya 2021 Kulwa aligundua kwamba nyuma ya nyumba yao, mtaa wa pili, kuna kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hajajenga, na vijana wanacheza chandimu kila jioni. Mwanzoni aliwekwa golini, kwa sababu ya mwili. Baada ya miezi mingi akahamia beki. Siku hizi anasema ni kiungo, sijui. Jumatatu mpaka Jumamosi, gari likimshusha anatupa begi, anarudi adhana ya magharibi ikishapita.

Mwanzoni mwa 2022 Doto akavunja ungo. Bibi akamfunda kwa siku chache, kidogo tu, si kama walivyokuwa wakifanya Wazaramo wa zamani ambao mwali alikaa ndani muda mrefu. Lakini sentensi aliyotoka nayo mle ndani ilikuwa nzima: mwali hachezi barabarani. Mwaka huohuo dada wa kazi akaondoka kwenda kuolewa. Mama ana duka la vipodozi Kariakoo, anarudi saa mbili usiku, na foleni ya kutoka mjini anaijua kila mtu. Nani apike? Tangu hapo jioni ya Doto ni jikoni, kisha tuisheni ya mezani, kisha kitanda. Anaonja chumvi, anamalizia chapati iliyochanika, anafungua soda kwa sababu ni saa kumi na mbili jioni na ameamka saa kumi alfajiri. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya kama vijiko tisa vya chai. Chakula cha usiku kinaliwa saa tatu, mama akishafika.

Hapa mama alinikatiza. "Lakini Kulwa anakula sahani mbili! Doto hata moja hamalizi." Nilimwamini. Kulwa anakula kuliko mtu yeyote nyumba ile. Ndiyo maana swali la sufuria moja lisingetufikisha popote.

Sitaki kuficha sehemu ya maumbile. Msichana anawahi kubalehe kuliko mvulana, kwa kawaida kwa mwaka mmoja hadi miwili, na kubalehe kwake kunamwongezea mafuta nyongani na kifuani kama kunavyomwongezea mvulana misuli na mifupa. BMI haijui kutofautisha kilo ya mafuta na kilo ya msuli. Sehemu ya zile kilo 65 za Doto ni mwili wa mwanamke unaojengwa, na ninawaonya wazazi kila siku wasiupige vita mwili huo. Ila maumbile hayo wanayo pia wasichana wa Uingereza, na kule hawawapiti kaka zao. Kwa hiyo maumbile hayatoshi.

Takwimu za kucheza na kukimbia ndizo zinazonisadikisha zaidi kuliko za uzito. Uchambuzi wa WHO uliotolewa mwaka 2019, wa wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 katika nchi 146, ulikuta kwamba mwaka 2016 asilimia 78 ya wavulana na 85 ya wasichana hawafikishi ile saa moja ya kujitumikisha mwili kwa siku inayopendekezwa. Tangu 2001 wavulana walikuwa wamesogea kidogo kutoka asilimia 80. Wasichana walikuwa palepale. Umri unaohesabiwa unaanzia 11, karibu ule ule ambao Doto aliambiwa mwali hachezi barabarani.

Siku ya tatu nilizungumza na Doto peke yake, mama akiwa nje kwenye benchi. Alisema shikamoo kwa sauti ndogo akakaa ukingoni mwa kiti. Shuleni kuna kipindi cha michezo? Kipo. Anacheza? Anakaa chini ya mwembe anatunza saa za wenzake. Kwa nini? Akavuta sweta, siku ambayo joto la Dar lilikuwa linachemsha bati. "Nikikimbia wananiangalia." Kwa muda sikuwa na la kumjibu. Tunaandika ripoti kuhusu viwanja na lishe, halafu mtoto anakueleza yote kwa maneno mawili.

Niliona pia shingo yake. Nyuma, kwenye mikunjo, ngozi ilikuwa nyeusi na nene kama mahameli. Mama alidhani ni uchafu, na kwa mwaka mzima alikuwa anamsugua kwa dodoki na ndimu, na kumgombeza. Si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba mwili umeanza kuisikia insulini kwa shida, ile homoni inayoingiza sukari kwenye chembe za mwili. Niliwaandikia waende hospitali. Sukari kabla ya kula ilikuwa sawa, presha sawa. Nafuu kubwa, ingawa ngozi ile inasema mwili unafanya kazi ya ziada ili majibu yawe hivyo. Wazazi wanaosoma hapa, wekeni dodoki chini, mtazame shingo.

Kwa kuwa rula mbili zilikuwa zimetupa majibu mawili, nikatoa ya tatu, isiyouliza jinsia wala haina jedwali. Ni kamba. Unakata kamba yenye urefu wa mtoto, unaikunja katikati, unaizungusha kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno hakijapita nusu ya urefu, vizuri. Zisipokutana, mafuta yamekaa tumboni, pale yanapodhuru. Kulwa alizungusha yake ikabaki ndefu, akaanza kuichezea. Ya Doto haikufika. Nusu ya urefu wake ni sentimita 78, kiuno kilikuwa 84. Palibaki nafasi ya vidole vitatu. Alizihesabu mwenyewe.

Mama alitaka dayati, au ile chai ya kupunguza mwili inayouzwa mitandaoni. Chai hiyo nilikataa bila maelezo marefu. Dayati nilikataa kwa maelezo: mtoto wa miaka 13 bado anarefuka, na kwa wengi wa namna yake inatosha uzito usimame huku urefu ukipanda. Tena ukimpikia mmoja chakula cha adhabu mbele ya kaka anayekula sahani mbili, unajenga mwizi wa usiku. Tukakubaliana soda zitoke kwenye friji, kwa wote, baba akiwemo. Baba ndiye aliyelalamika kuliko watoto.

Lakini jambo zito lilikuwa jioni. Nilisema Kulwa apike na kuosha vyombo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kimya kikatanda. Bibi akauliza kama ninataka mume wake avae kanga. Tulicheka, tukabishana, na mwisho mama ndiye aliyeamua, kwa hasira kidogo: "Atapika. Na ugali wake utaliwa hata ukiwa na madonge."

Jioni tatu zikapatikana. Doto aende wapi? Chandimu haiwezekani, na kwenye uwanja wa netiboli wa shule pete moja imeshang'oka. Suluhisho lilitoka kwa bibi mwenyewe, mtu ambaye nilishamweka upande wa vikwazo. Kama mwali hatoki, akasema, wenzake waingie. Geti likafunguliwa kwa ndani: wasichana wanne wa jirani, mpira wa soksi, rede nyuma ya nyumba, hakuna mvulana wa kukodoa macho. Mama mdogo akamnunulia trakisuti na sidiria ya michezo kwenye mitumba ya Karume. Watu wanadharau kitu kama hicho, lakini kwa Doto kilikuwa nusu ya tiba. Jumamosi alfajiri mama mdogo huyohuyo alimchukua kwenye klabu yake ya jogging, ambako wanawake wenye miili mikubwa kuliko yake wanakimbia wakiimba na hawamwangalii mtu.

Haikuwa laini. Ramadhani ilivuruga ratiba, mitihani ikaifuta kwa wiki tano, na ugali wa Kulwa kweli ulikuwa na madonge.

Machi 2025, miaka 14. Kulwa sentimita 166, kilo 57, BMI 20.7, chini ya mstari wa kwanza. Doto sentimita 159, kilo 66, BMI 26.1. Mstari wake wa pili sasa ni 27.3, kwa hiyo ametoka kwenye kiribatumbo, na mama alipiga kigelegele pale ofisini mpaka watu wa foleni wakachungulia. Nilimwacha apige. Lakini kwa wasomaji nitasema: hata Doto angebaki na 26.7 yake ya mwaka 2024 bila kusogea, chati ingemvusha, kwa sababu mpaka umepanda na umri. Jina lililofutwa ni zawadi ya rula. Kilo moja tu kwa sentimita tatu, hiyo ndiyo kazi yake.

Kulwa nilimwambia kitu ambacho hakukipenda. Mwenye kile kiwanja cha nyuma ameshamwaga tofali na mchanga, na vijana wanacheza nusu uwanja. Wembamba wake umepangishwa pale, na mkataba unaisha. Akasema watahamia kwingine. Nilimuuliza wapi, akataja sehemu mbili, mama yake akasema zote zimeshapimwa.

Kabla hawajaondoka Doto aliomba kamba. Akasimama dhidi ya ukuta, nikakata, akaikunja na kuizungusha mwenyewe, akavuta pumzi kisha akaitoa kwa sababu nilikuwa ninamtazama. Ncha hazikukutana. Akaweka kidole kwenye nafasi iliyobaki, kikaenea. Kimoja.